Dola Mia Sita za Kwaya



Juma lililopita walitujia vijana wanne wa kwaya moja ya mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, wamevaa mavazi yao ya Dominika na kushika karatasi iliyokunjwa mara nne. Walikuwa wamekusanya dola 600. Fedha hizo hawakuziokota njiani: akina mama walikaanga maandazi na kuyauza baada ya Misa, wavulana walibeba matofali katika majengo ya watu, na mwalimu wao wa kwaya alitoa kila mwezi sehemu ya mshahara wake, nao si mnono. Shabaha yao ni kuweka studio ndogo ya kunasa sauti katika chumba kimoja walichopewa nyuma ya shule. Wakatuuliza kama fedha zatosha.

Tukaomba kuisoma karatasi. Ilikuwa orodha waliyoandikiwa na mfanya biashara mmoja. Juu kabisa palikuwa na meza ya kuchanganya sauti yenye njia 16, kisha spika mbili kubwa, kisha taa za rangi. Na chini kabisa, kana kwamba aliikumbuka wakati wa kuagana, mikrofoni moja isiyotajwa aina yake. Jumla yake dola 590. Kwa ajili ya chumba chenyewe hapakutengwa hata senti.

Tuliwaambia wasinunue. Na kwa kuwa twajua ya kwamba vikundi vingine vya Kenya, Ruashi na Kampemba, na hata vya Likasi na Kolwezi, vinawaza mambo yale yale, twaonelea yafaa tuieleze habari hii kwa kirefu.

Kwanza tuliwauliza: mwataka kunasa nini? Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Nyimbo zetu." Tukauliza tena: za nani, na ipi ya kwanza? Ndipo msichana aliyekuwa amenyamaza tangu mwanzo akatuambia habari za kambo wao, bibi mmoja aliyepita miaka 80, mjane wa mfanyakazi wa migodi. Bibi huyu ajua nyimbo za kubembeleza watoto, nyimbo za kutwanga, na nyimbo za msiba ambazo hapana mwingine katika mtaa wao azijuaye mpaka mwisho. Kwaya huimba tatu miongoni mwake, lakini wameziokota vipande vipande. Basi hapo jambo likawa wazi. Kazi ya kwanza ya studio hiyo ni sauti moja ya mwanamke mzee, na labda gitaa moja pembeni. Njia 16 za nini? Mtu mmoja ana kinywa kimoja.

Wazee wetu wa Katanga wanakumbuka mfano mzuri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika Kusini na kuzunguka nchi nyingi akinasa muziki wa Waafrika, alifika Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, mwendo wa kilometa 120 hivi kutoka hapa. Huko alimkuta kijana akipiga gitaa, Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930. Hapakuwa na studio. Palikuwa na mashine, mikrofoni, na mtu ajuaye kusikiliza. Wimbo wake "Masanga" ulinaswa katika safari ile, na hata leo, miaka zaidi ya 70 baadaye, wapiga gitaa wa nchi za mbali hukaa mbele ya sauti ile wakijaribu kufuata vidole vyake. Mwenda alifariki mwaka 1990. Vidole vyake bado vyafundisha.

Jambo moja katika kazi ya Tracey lastahili kutazamwa sana na wenye fedha kidogo. Alipokuwa akinasa kundi la watu hakuwatundikia kila mmoja mikrofoni yake. Aliishika moja mkononi, akaisogeza mwenyewe karibu na huyu, kisha karibu na yule, kwa kadiri wimbo ulivyokuwa ukienda. Mkono wake ndio uliokuwa meza ya kuchanganya sauti. Tena kwa kila wimbo aliandika kadi: jina la mwimbaji, kabila, mahali, ala. Kwa sababu ya kadi hizo, maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, yaweza kumwambia mjukuu ni nani aliyeimba. Kadi ni karatasi tu, wala haimo katika orodha ya mfanya biashara yeyote.

Haya, turudi Katuba, katika chumba kile nyuma ya shule. Tulikwenda kukiona. Chapata mita 4 kwa 3, kuta za matofali zilizopakwa saruji, sakafu ya saruji, dari hakuna, juu ni mabati matupu. Tukapiga makofi mara moja katikati. Sauti ikarudi ikitetemeka kama shilingi iliyoangushwa juu ya meza. Ugonjwa wa vyumba vingi ndio huo: kuta mbili ngumu zinatazamana, na sauti hurushwa kati yao kama mpira. Sikio la mtu huzoea upesi na kuusahau mwangwi huo, lakini mikrofoni haisahau. Unaponasa sauti katika chumba cha namna hiyo, chumba nacho huimba, na hakuna mashine iwezayo kumnyamazisha baadaye.

Vijana walikuwa wamekwisha anza kukusanya trei za mayai ili wazigandamize ukutani. Wamesikia kwamba ndivyo zifanyavyo studio. La, hasha. Trei ya yai ni karatasi nyembamba. Hupunguza kidogo sana sauti za juu, na sauti nyingine zote hupita kana kwamba haipo. Kinachomeza sauti ni kitu kinene chenye matundu mengi madogo ndani yake, ambamo hewa inayotikisika huchoka: mablanketi mazito, pamba, sufi, sponji la godoro. Unene ndio siri. Kitambaa chembamba kilichobanwa ukutani hakisaidii kitu. Blanketi zito lililoning'inizwa likiwa mbali na ukuta kadiri ya sentimeta 10 husaidia zaidi kuliko lile lililogusa ukuta.

Tuliwashauri watengeneze fremu za mbao, kila moja urefu wa mita 1 na nusu, kina cha sentimeta 10 au 15, wazijaze nguo kuukuu za pamba na kuzifunika kwa kitenge. Nguo zisizovalika tena hupatikana kwa bei ndogo kwa wauza mitumba, na seremala yumo ndani ya kwaya, apiga besi. Fremu mbili zisimame nyuma ya mwimbaji, mbili ubavuni, moja itundikwe juu ya kichwa chake. Na pembe za chumba zisisahauliwe, kwa maana sauti nene hujikusanya pembeni.

Hapa twataka kusema neno la ukali kidogo. Sponji la godoro hushika moto upesi mno, na moshi wake ni sumu. Katika mji wetu, umeme unapokatika, mkono wa kila mtu hutafuta mshumaa. Mshumaa usiingie katika chumba hicho kamwe, wala mbabula yenye makaa wakati wa baridi ya Juni na Julai, iwe kuta zimevikwa sponji au nguo. Taa ya betri ni bei ndogo. Mlango ufunguke kwa nje, na usifungwe kwa ufunguo watu wakiwa ndani.

Tena watu huchanganya mambo mawili. Fremu hizo hutuliza mwangwi wa ndani. Hazizuii kelele ya nje. Kuzuia kelele kwataka ukuta mzito na mianya iliyozibwa, na hilo ni gharama kubwa. Wenye dola 600 hawataweza kuushinda muziki wa baa iliyo ng'ambo ya barabara, lakini waweza kuukwepa kwa saa. Saa kumi na moja na nusu ya asubuhi baa zimelala na wauza mikate hawajapita. Jogoo, twakubali, ni shida.

Na mvua? Juu ya hilo hatuna budi kusimulia kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda mtaa wa Kenya kwa mzee mmoja aliyefanya kazi migodini tangu ujana wake. Alijua nyimbo walizoimba wakisukuma mabehewa, za lugha tatu zikichanganyika katika ubeti mmoja. Tulikuwa na kinasa sauti kipya, nasi tulijivunia nacho. Umeme haukuwapo siku ile, basi tukachukua jenereta na kuiweka nyuma ya nyumba, tukidhani ukuta watosha. Visikizio vya masikioni hatukununua. Tulionelea ni anasa, tukajiambia masikio tunayo. Mzee aliimba saa nzima na zaidi, amefumba macho. Wimbo wa tatu ulipoanza mvua ilidondoka juu ya mabati, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu. Hatukutaka kumkatiza. Tulifika nyumbani, tukafungua, tukasikia jenereta ikinguruma chini ya kila neno, na mvua juu yake, na katikati sauti ya mtu kana kwamba yumo ndani ya pipa. Tukasema tutarudi baada ya Pasaka. Kabla ya Pasaka tulimzika.

Binti yake alituomba nakala apate kuisikia sauti ya baba. Tulimpa. Alisikiliza dakika chache, akatushukuru kwa adabu, akasema, "Lakini huyu si yeye." Bei ya visikizio tulivyovikataa ilikuwa dola 50.

Basi vijana wetu wanunue visikizio vilivyofunika sikio lote, na mmoja wao avae tangu wimbo wa kwanza hata wa mwisho. Kazi yake ni moja tu: kusikia ile ambayo mikrofoni yasikia. Akisikia mngurumo au matone, ainue mkono, na wote wangoje. Kambo hatakasirika, atafurahi kunywa chai. Na kazi za sauti tulivu zifanywe wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Septemba, kabla mvua hazijaanza kupiga mabati yetu.

Kuhusu umeme twaweza kuwa wafupi kwa sababu kila msomaji wa Lubumbashi ni mtaalamu wa delestaji kwa lazima. Mwalimu wa kwaya anayo kompyuta ndogo ya kubebeka, nayo ina betri ndani yake. Hiyo ndiyo jenereta njema kuliko zote, maana haitoi sauti. Ijazwe usiku umeme ukiwapo, na wakati wa kunasa ichomolewe ukutani. Kuichomoa kwaleta faida ya pili: mngurumo ule mnene wa hertzi 50, uingiao mara nyingi kwa njia ya waya za umeme zisizo na ardhi nzuri, hunyamaza. Mwaka ujao, fedha zikipatikana, waweza kuongeza betri ya volti 12. Betri ya ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1200. Ukitumia nusu tu usije ukaiua, na vyombo vyako vikila wati 60, yapata saa 8 za kazi ukitoa zinazopotea njiani. Lakini kigeuza-umeme cha bei ya chini kabisa mara nyingi hutia mvumo wake katika sauti. Hiki si cha kununua gizani, kisikilizwe kwanza.

Sasa mikrofoni. Ziko za namna mbili ambazo mtu atatajiwa dukani. Za dainamiki ni ngumu, hazihitaji umeme, na hazisikii mbali. Za kondensa zina sikio kali, zinahitaji volti 48 kutoka katika mashine, na husikia kila kitu, pamoja na mtoto anayelia nyumba ya tatu. Watu hudhani yenye sikio kali ndiyo bora siku zote. Katika chumba cha kimya, naam. Katuba, kwa sauti ya mtu mmoja, sisi twachagua dainamiki. Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, yapatikana bado, na huko Marekani bei yake ni kadiri ya dola 100. Kwetu huongezeka kwa safari na ushuru. Lakini tahadharini: ndiyo mojawapo ya mikrofoni zinazoghushiwa sana duniani. Ya kweli ina uzito wa gramu 298 hivi. Nendeni na mizani ya jikoni, bila aibu. Mwenye duka akichukia mizani, amekwisha wajibu.

Mwimbaji na akae karibu, shubiri moja kutoka kinywani. Kila mnapopunguza umbali kwa nusu, sauti yake hupanda kwa desibeli 6, wala mwangwi wa chumba haupandi pamoja naye. Basi ukaribu ni dawa isiyolipiwa. Ili pumzi za "p" na "b" zisigonge kama ngoma, chukueni waya, mtengeneze duara, mlivike soksi ndefu ya kike, mliweke kati ya kinywa na mikrofoni. Studio za Ulaya zimetumia soksi vivyo hivyo.

Kwaya nzima ni jambo jingine. Watu 30 hawaenei katika chumba cha mita 4 kwa 3, nao wakienea watazimia. Wao waimbe kanisani asubuhi na mapema, wamesimama nusu duara, na mikrofoni moja ya kondensa, ya kuazima kwa sasa, iwekwe mbele yao mita 2 au 3. Sauti ya nani yazidi? Asogee nyuma hatua moja. Wa besi hawasikiki? Wasogee mbele. Ndiyo hekima ile ile ya mkono wa Tracey, ila hapa wanaotembea ni waimbaji. Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza Kamina mwaka 1958 na wavulana na walimu waliofundishwa na Padre Guido Haazen, ilifika pembe zote za dunia kwa sahani, nayo haina ila sauti za watu na ngoma.

Kati ya mikrofoni na kompyuta panahitajika kadi ya sauti ya nje, kisanduku kidogo chenye matundu mawili kinachopata umeme wake kutoka katika kompyuta yenyewe. Mbili zatosha: moja ya sauti, moja ya gitaa. Programu ya kunasia isiwanyang'anye senti. Audacity yatolewa bure tangu mwaka 2000. Reaper, kwa watu wadogo, ni dola 60, lakini hiyo yaweza kungoja. Wekeni kipimo cha biti 24 na kilohertzi 48, na sauti kubwa kabisa ibaki chini ya kikomo kwa desibeli 12 hivi. Sauti iliyogonga kikomo imevunjika kama chungu; iliyo ndogo huweza kuinuliwa.

Saa moja ya sauti ya namna hiyo, katika njia mbili, hula kadiri ya jigabaiti 1. Si nyingi. Kwa hiyo hakuna udhuru wa kutokuwa na nakala mbili, na nakala ya pili isikae katika chumba kile kile. Mwizi akija hubeba kompyuta na diski pamoja. Na kadi iandikwe kwa kila wimbo. Kambo aulizwe pia, kabla hajaanza, ni wimbo upi anaokubali usikilizwe na kila mtu, na upi anataka ubaki kwa jamaa. Nyimbo za msiba si mali ya mwenye mashine.

Tuliketi na vijana tukaandika orodha nyingine nyuma ya karatasi ile ile. Kadi ya sauti, dola 180. Mikrofoni, 130. Visikizio, 60. Mguu wa mikrofoni na waya, 40. Diski ya nakala, 65. Mbao, misumari, nguo kuukuu na kitenge, 70. Jumla 545, kwa bei walizoulizia wenyewe mjini. Zikabaki 55. Kijana mmoja akapendekeza taa moja tu ya rangi. Tukamkumbusha kwamba bandu bandu humaliza gogo, na ya kwamba mlango wao hauna kitasa. Akacheka. Kitasa kikaandikwa, na betri za tochi, na daftari la kadi.

Twaungama kwamba orodha yetu haipendezi macho. Mtu akifungua mlango hataona studio kama za picha. Ataona vitenge ukutani, kiti, na soksi kwenye waya. Mwalimu wa kwaya aliitazama kwa muda, akauliza kama wageni hawatawacheka. Huenda watacheka.

Walipokwenda kumpa habari, kambo aliuliza maswali mawili tu: kama atakaa au atasimama, na kama itabidi avae viatu. Wamepatana Jumamosi ya pili ya Septemba, saa kumi na moja na nusu ya asubuhi. Amewaonya wasichelewe, kwa kuwa jua likipanda huanza kukohoa, na waje na sukari.